Tulizaliwa Kulwa na Doto. Doto akasoma masters ya kuendeleza wafanyakazi, mimi nikabaki kukaimu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka, natoka. Ila nimeona ule ubishi wenu wa "masters inasaidia nini zaidi ya kumaliza ada" nikasema hapana, hapa leo naongea. Sio chai, ni ukweli mtupu. Jina la kiwanda tu ndio sitaji, maana bado nakula hapo.

Wengi mnabishana kwa kukisia. Mimi sikisii. Mimi nina pacha.

Naitwa Kulwa, mwenzangu Doto. Kwa msio wa kanda hii: kwetu Wasukuma pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na majina yanatajwa kwa mpangilio huo mpaka mnazeeka. Kulwa na Doto. Ukigeuza, inakwaruza sikio. Kumbukeni hilo.

Sura yetu ni moja. Kinachotutofautisha ni kovu langu kwenye nyusi, nilianguka kwenye mawe nyuma ya nyumba yetu Igoma. Shule moja, chuo kimoja, digrii moja ya rasilimali watu. Matokeo yetu yalikaribiana sana, mimi nikiwa juu kidogo.

(Hiyo "juu kidogo" naomba msiiruke.)

Tukapata kazi wote Mwanza. Doto kwenye shirika moja dogo pale mjini. Mimi kiwanda cha samaki, kile cha kukata minofu ya sangara inayokwenda nje. Watu mamia, mabuti meupe, kofia za nailoni, baridi la kufa mtu.

Sasa ikaja hoja ya masters.

Aliyeileta ni Doto, Jumapili moja tuko kwa mama tunakula. Masters ya mafunzo na maendeleo ya wafanyakazi kazini, inasomwa wikiendi, huku Nyegezi. Akataka tuombe wote, tusome wote kama kawaida yetu.

Mimi siku hizo ndio nimetoka kupewa kukaimu umeneja wa mafunzo. Kaimu Meneja! Kibao mlangoni kabisa. Nikamcheka mpaka mchuzi ukanipalia. Nikamwambia mtu anajifunza kazi kwa kuifanya, sasa kusomea jinsi watu wanavyojifunza kazi si kujitafutia presha tu?

Akaenda peke yake. Ndio ilikuwa mara ya kwanza maishani tunaachana darasa.

Niseme kidogo kuhusu kukaimu, maana waliopitia wananielewa. Unafanya kazi za meneja, unagombezwa kama meneja, ila barua yako ya ajira inasema afisa. Kila ukiulizia unaambiwa "mchakato unaendelea". Mchakato gani huo usiofika jamani?

Basi Doto akahitimu. Na mchakato nao ukafika. Nafasi yangu ikatangazwa, na kwenye sifa wameweka masters.

Nikaomba hivyo hivyo. Nikajisemea, nani atanipita kwenye kiti nilichokalia mwenyewe?

Doto akanipigia. "Kulwa, nimeona tangazo la kwenu. Hiyo si nafasi yako? Kama ni yako mimi siombi, niambie tu."

Wakuu, nilitakiwa kusema neno moja. Ndiyo. Basi.

Nikamjibu, "We omba tu, kwani nimekukataza?" Kimoyomoyo nasema njoo, njoo uone mwenye nyumba ni nani.

Majina ya walioitwa kwenye usaili yalipotoka, langu halimo. La Doto limo.

Na kama hiyo haitoshi, siku ya usaili bosi akanituma niandae chumba. Mimi! Nipange viti na chupa za maji kwa ajili ya watu wanaokuja kuchukua kazi yangu. Nikapanga. Ningefanyaje?

Mlinzi wa getini alimpitisha Doto bila kumwandikisha, akampigia na saluti, "Leo umependeza, bosi!" Baadaye mimi natoka nje na sare yangu ya kila siku, mzee wa watu akabaki mdomo wazi. Tangu siku hiyo akiniona ananikagua nyusi kwanza.

Doto akapata kazi.

Naomba niseme bila kuzungukazunguka: niliona wivu. Sio ule wa kusema "hongera mama, nakuonea wivu" halafu mnacheka. Wivu wa kukosa usingizi. Nilificha status zake. Akitaka kunipa lifti jioni mpaka kwangu Kiseke nilikuwa nasema nina sehemu napitia, halafu nakwenda kusubiri gari kituoni kama mjinga.

Angekuwa na dharau ningepumua kidogo. Hana! Ananiita dada mbele za watu. Anauliza ushauri wangu kwenye vikao. Aisee, hakuna kitu kinauma kama kushindwa na mtu mwema.

Halafu mama. Siku moja kapiga simu anauliza, "Doto na Kulwa mnakuja lini?"

Hakuna aliyestuka zaidi yangu. Mama mwenyewe hata hakujisikia.

Nikabaki na tumaini moja tu, kwamba atachemka. Na nilijua atachemkia wapi.

Kiwandani kulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Wakataji wanajikata mikono, na minofu inachanika, wateja wanalalamika. Na kila ikitokea, mimi nilikuwa naandaa semina. Nilizijua semina zangu bwana! Projekta, chai, sambusa, mkufunzi wa kuja kuonyesha jinsi ya kushika kisu, picha ya pamoja. Ripoti inakwenda juu, nasifiwa. Wiki zikipita kidogo, vidole vinafungwa plasta tena.

Nikasema sasa bi masters alete semina yake tuone.

Hakuleta semina.

Alivaa mabuti akaingia kwenye mstari wa wakataji. Anasimama, anaangalia, anauliza maswali. Asubuhi yupo, mchana yupo. Anapiga stori na wale kina mama, anajifunza mpaka kukata. Mimi kwenye dirisha la ofisi nacheka peke yangu, meneja mzima ananuka samaki.

Kikao cha menejimenti kikafika. Wakamuuliza bajeti ya mafunzo ya wakataji. Akasema haombi bajeti. Akasema watu hawa kukata wanajua, na hakuna mafunzo yatakayowasaidia. Wanajikata baada ya chakula cha mchana, kwa sababu visu vinanolewa asubuhi tu. Mchana kisu ni butu, mtu analazimisha kwa nguvu, mnofu unachanika, mkono unateleza. Ninyi noeni visu mchana.

Yaani hivyo tu.

Bosi akanigeukia mimi. Akanitazama mbele ya watu wote, halafu akaendelea na ajenda nyingine.

Visu vikaanza kunolewa mchana. Plasta zikapungua sana. Bajeti ya semina aliyookoa akaomba itumike kuwafundisha wasimamizi wa zamu jinsi ya kumpokea mfanyakazi mpya, maana wageni walikuwa wanaachwa wahangaike wenyewe. Sasa hivi viwanda vingine vinamwita akaongee kwao.

Nilimfuata ofisini kwake, yaani iliyokuwa ofisi yangu. Nikamuuliza alijuaje kuhusu visu.

"Niliwauliza."

Nikasema hata mimi ningewauliza wangeniambia. Hawa wananijua kabla yako.

Akaniangalia, bila ubaya wowote, akasema, "Sasa mbona hukuwauliza?"

Nilitoka mle nikaenda chooni nikalia. Nililia kwa hasira. Mimi nilikuwa sijui kama hilo ni swali. Nilijua tatizo likitokea unaandaa mafunzo, ndiyo kazi. Yeye alifundishwa kwamba kwanza unaangalia kama tatizo ni la mafunzo kweli. Tumetoka tumbo moja, vichwa vyetu vinafanana, tofauti ni zile wikiendi alizokuwa anakwenda Nyegezi mimi nikiwa nimelala.

Nimejiandikisha, wakuu.

Doto alitaka kunipa vitabu vyake. Nikakataa. Halafu nikavichukua, nikavifunga majalada ya magazeti ili jina lake lisionekane.

Jumamosi ya kwanza nimewahi, nimekaa mbele, nimevaa vizuri. Mhadhiri anaingia, ananiona, uso unamng'aa. "Doto! Wewe si ulishamaliza? Umekuja kutusaidia kufundisha?"

Darasa likacheka. Nikasimama nikasema, "Samahani mwalimu, mimi ni Kulwa."

"Ooh, pacha wake! Amekutaja sana darasani hapa. Karibu. Kumbe wewe ndiye yule mdogo wake."

Mdogo wake!

Nikakaa chini. Nikafungua daftari.

Nilichojifunza ni hiki. Masters haikupi kazi kwa kuwa ni karatasi, maana wapo wenye karatasi na hawana lolote. Ila ukiisoma vizuri unaona kitu ambacho mwenzako anakipita kila siku. Na kama umekaimu, usisubiri mchakato huku umelala. Wivu wangu bado ninao, haujaisha hata kidogo. Tofauti ni kwamba sasa naamka nao Jumamosi asubuhi na mapema, tunakwenda wote darasani.

Haya, semeni sasa. Mliosoma masters za namna hii, zimewafikisha wapi? Na wewe uliyewahi kupitwa na ndugu yako wa damu, ulifanyaje mpaka ukaweza kula naye meza moja?

Mnaruhusiwa kunicheka. Ila atakayeandika "Doto na Kulwa" kwenye uzi wangu, huyo sitamjibu.