Vinu Viwili vya Gogo Moja

Shangazi yangu Ferista alikuwa na sikio la kumchosha mtu. Hakuna kitu pale Tunduma kilicholia, kikagonga au kikakwaruza bila yeye kukitafutia mahali pake kwenye solfa, ile do-re-mi ya waimbaji. Mlango wa duka la Mwarabu ulikuwa Fa. Kengele ya kanisa ilikuwa So. Baiskeli ya karani wa kodi ililia Re kila gurudumu lilipozunguka, na shangazi aliitambua na kuitaja kwa sauti kabla vumbi lake halijaonekana. Wanaume wasio na stakabadhi ya kodi wakapata nafasi ya kuingia porini. Kwa hilo walimpenda, ingawa kwa mengine walimwona ana kasoro kichwani.

Solfa alifundishwa na mwalimu wa kwaya alipokuwa msichana, miaka ile Waingereza walipokuwa bado wageni kwetu. Mwalimu aliichora ukutani kama ngazi, kwa mkaa. Wenzake waliiacha ngazi hiyo kanisani baada ya ibada, yeye akaenda nayo nyumbani na kuiegemeza kwenye kila kitu. Hata alipogombana na mumewe, Anania, aliweza kunyamaza katikati ya ugomvi na kumwambia, "Sasa umepanda mpaka La." Yule bwana alikuwa mtu wa kicheko, kwa hiyo ndoa ikadumu. Alikufa kwa homa mtoto wao wa pekee akiwa anatambaa, na mtoto huyo aliitwa Lusungu.

Lusungu alizaliwa mwaka wa nzige, na shangazi alimlea peke yake kwenye ua wa kaka yake, yaani baba yangu, Osea. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuachika, nimerudi nyumbani na mdomo wangu mrefu, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Lusungu alipochumbiwa, mwaka mmoja hivi baada ya vita ya Hitla, shangazi alikwenda kwa fundi mmoja wa kijiji cha Mpemba akachongesha vinu viwili kwenye gogo moja la mninga. Kipande cha chini, kile kinene, kilikuwa chake, na cha juu kilikuwa cha binti. Fundi alidhani anachonga vyombo vya jikoni. Kila alipopumzika shangazi alitia mahindi, akapiga kwa mchi, akainamisha kichwa, akasema toa kidogo tena hapa ndani, mpaka fundi akamwuliza kama anataka kinu au kengele. Mwishowe kikubwa kilitoa Do na kidogo kikatoa So, naye akarudi nyumbani akitembea kama aliyepewa uchifu.

Mume aliitwa Yonasi, Mnamwanga kama sisi, ila kwao ni ng'ambo, upande wa Rodeshia ya Kaskazini. Usisikie ng'ambo ukadhani ni mbali. Wazungu walipitisha mpaka wao katikati ya mashamba yetu, wakasimika mawe, wakaenda zao. Kutoka uani kwetu uliona moshi wa jiko la kina Yonasi juu ya kilima, na katikati palikuwa na kijito cha kuvuka bila kuvua viatu, kama ulikuwa navyo. Mbuzi wetu walilala huku na kula kule.

Kilichomzuia shangazi hakikuwa mawe ya Wazungu bali adabu ya ukwe. Kwetu mama mkwe hakanyagi ua wa mkwewe, na mtu wake hamtumi, mpaka mkwe alete jembe jipya la kufungua njia. Yonasi aliahidi kulileta. Kabla hajalileta akaenda migodi ya shaba kama vijana wote, akamwacha mkewe na mama mzee na dada yake, Jenista. Alirudi mara moja tu, akakaa kidogo na kikohozi chake, kisha akaondoka tena, na jembe likabaki ahadi.

Basi mama na mwana wakabaki na vinu. Kila alfajiri ukungu ukiwa bado bondeni, So ya Lusungu ilianza kule kilimani. Alikuwa na mtindo wake: alipiga mara mbili, akaurusha mchi hewani, akapiga kofi, akaudaka. Kofi lenyewe halikuvuka bonde, ila nafasi yake tuliisikia. Pigo, pigo, nafasi. Na kwenye nafasi ile shangazi aliingiza Do yake. Walitwanga hivyo mpaka jua lichomoze, kila mmoja kwenye nchi yake, na wapita njia walisimama kusikiliza. Nami mwenye kupenda kulala nilifunika kichwa kwa shuka na kuwalaani wote wawili. Lakini ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo.

Masika ya pili, nafasi ile ikapotea. Lusungu hakurusha tena mchi. Alipiga pigo moja moja, polepole, na mara kwa mara alinyamaza kwa muda mrefu katikati. Shangazi alisimama na mchi mkononi, hajui aweke wapi Do yake. Kisha uso wake ukang'aa.

"Ana mimba," aliniambia. "Sikiliza anavyopumzika. Mtoto mzito huyo, wa kiume."

Siku hiyohiyo alitafuta kitambaa akaanza kushona mbeleko. Mwanamke mmoja aliyetoka kuuza karanga ng'ambo akatuambia amemwona Lusungu kwa mbali na amekonda. Shangazi akamjibu kwamba mimba ya kwanza hukondesha, hata yeye ilimkondesha. Alijibu haraka mno, nami nikamtazama, akageuza uso.

Kiangazi kilipofika katikati, majani yakiwa yameungua na upepo unachuna midomo, alikuja mlangoni kwangu asubuhi.

"Anastazia, kinu cha mwenzio kimepanda. Hakiko tena kwenye So. Kinakaribia La."

"Kwa nini kimepanda?"

"Ukavu. Mti umekauka." Akangoja niseme neno. Nilipokuwa bado nasugua macho akasema tena, "Ni kiangazi tu."

Nilimwambia kama ana wasiwasi niende mimi nikaone. Baba alikuwa kizingitini anatengeneza mpini, akasikia.

"Wewe ukienda ni sawa na yeye ameenda," alisema. "Watasema watu wa kwa Osea hawana subira, wanamchungulia mkwe wao ambaye hata hayupo. Jembe halijaja."

"Baba, jembe linanunuliwa dukani. Mtu hanunuliwi."

"Ndiyo maana uliachwa," akanijibu. Hilo sijalisahau, na yeye sasa ni marehemu.

Shangazi alichukua mchi wake. Alikwenda kwenye kinu chake akatwanga mahindi ya mchana, na So ile iliyopanda ikawa inagonga kule kilimani, nyepesi, pigo moja moja. Kila siku iligonga kwa muda mfupi kuliko jana.

Kisha asubuhi moja haikuja. Shangazi alisimama uani mpaka jua likawa juu, hajawasha moto. Baba alimwambia, "Nanyangwe, wanawake hupumzika. Labda amejifungua." Alimwita kwa jina la ukoo ili kumtuliza, na akatulia kwa siku hiyo. Asubuhi iliyofuata ilikuwa kimya vilevile. Nilimwona akitoka ndani na ile mbeleko begani, akampita baba kama anavyopita nguzo, akashuka bondeni. Nilimfuata. Baba aliita mara moja tu, na sauti yake ilikatika njiani.

Tulimkuta Lusungu nje kwenye mkeka, ameegemezwa ukutani apate jua. Mimba haikuwapo wala haikuwahi kuwapo. Ilikuwa kifua. Kikohozi alichokileta mumewe kutoka migodini kilikuwa kimemla mpaka mabega yametokeza kama ya kizee. Mama yake Yonasi alipomwona shangazi uani alijifunika uso kwa kanga na kukimbilia ndani kwa aibu ya ukwe, akatuacha.

"Mayo," Lusungu alimwita mama yake.

Ulikuwa mnong'ono tu. Kifua kilikuwa kimefika kooni na sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. Shangazi alipiga magoti akasogeza sikio karibu, yeye aliyesikia baiskeli kabla ya vumbi, akasema, "Rudia, mwanangu." Akarudia. Shangazi akasema tena, "Rudia," na nikaona anatafuta kwenye pumzi ile sauti ya mtoto wake na hakuna. Alilia kwa namna ambayo sitaki kuieleza.

Hatukumrudisha nyumbani, asingefika. Shangazi alikaa naye palepale uani, pasipo jembe, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Lusungu alikufa kabla ya wiki kwisha. Mbeleko ile alimfunika nayo kichwa. Yonasi hakuja mazikoni. Habari zilifika baadaye kwamba naye alikuwa amelala huko migodini, na hakurudi kabisa.

Baada ya matanga Jenista alivuka kijito na kinu kidogo kichwani. Kwetu vyombo vya mke asiyeacha mtoto hurudi kwao. Alikitua uani, akakaa chini, akakataa chakula. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini hawakutuambia, maana sisi tulikuwa tunamsikia Lusungu akitwanga kila siku.

"Hakuwa anatwanga," alisema Jenista. "Mahindi aliyaacha kiangazi kilipofika katikati, mkono haukuweza. Mimi nilitwanga kwenye kinu cha mama, huko nyuma ya nyumba. Yeye alijikokota tu asubuhi akagonga kinu chake kikiwa kitupu. Anagonga, anakohoa, anagonga. Akatuapisha tusiseme. Alisema, mayo asiponisikia atakuja, na akija kabla ya jembe watu watamcheka."

Kukohoa hakuvuki bonde. Zile nafasi ndefu ambazo shangazi alizisikia na kuzishonea mbeleko, ndani yake mlikuwa na kikohozi.

Jenista alipoondoka, shangazi aliweka vinu viwili pamoja. Mvua ilikuwa bado haijanyesha hata tone, upepo uleule unachuna midomo. Alitia mahindi kwenye kinu kidogo akapiga mara moja. Hata mimi nisiye na sikio niliitambua: So, ileile ya siku kilipotoka kwa fundi. Akamwaga mahindi chini, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi, akapiga kinu kikiwa kitupu. Ikatoka ile sauti nyepesi ya kiangazi iliyotuamsha asubuhi zile zote.

Nilitaka kumsaidia. Nikasema, "Usingeweza kujua, shangazi. Ukavu ulikuwa mkali kweli mwaka huu."

Aliweka kiganja juu ya kinu chake kikubwa.

"Hiki ni cha gogo hilohilo," alisema. "Kilikaa hapa mbele yangu kiangazi chote, kwenye jua hilohilo, nikakitwangia kila siku. Hakikupanda, Anastazia. Na nilikisikia kwamba hakikupanda."

Niliokota mahindi kwenye vumbi, naye akabaki ameinama pale mpaka giza lilipoingia.

Aliishi miaka mingine mingi, na kwaya hakuirudia. Karani alipokuja na baiskeli yake hakusema kitu tena, na wanaume wakawa wanakamatwa vitandani. Hakutwanga tena, unga alikula niliotwanga mimi. Nilipoanza kutwanga alikwenda kukaa mbali, karibu na kijito, na ilikuwa lazima nibakize mahindi kidogo chini ya kinu hadi mwisho, niyatoe kwa mkono, ili mchi usije ukagonga mti mtupu akausikia.