Friji ya Mama Iliyotumia Umeme Kidogo Kuliko Zote

Friji ya mama yangu ilitumia umeme kidogo kuliko friji zote nilizowahi kuuza.

Nilikuwa naringa nayo. Leo naona aibu kuitaja.

Mimi nauza friji, mwaka wa kumi na moja sasa. Mdomo ninao. Mteja akiingia dukani kutazama tu, anatoka na friji.

Mama alikuwa anaishi peke yake, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya kujichoma lazima ikae kwenye baridi. Friji yake ya zamani ilikuwa inanguruma kama trekta na kula umeme balaa.

Basi nikamchagulia mpya, kwa mapenzi yote. Saizi ya mtu mmoja, mlango unaobana sawasawa, lebo ya nyota tano. Nikaiweka mbali na jiko, nikachomeka na kipimo kidogo cha umeme kwenye soketi.

"Sasa mama, tubane umeme," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata nikasoma kipimo. Umeme uliotumika haukufika hata nusu ya kilichoandikwa kwenye lebo!

Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikapiga picha.

Nikaibandika dukani: mama kasimama kando ya friji, anacheka, namba ya kipimo chini yake.

"Huyu ni mama yangu mzazi," nawaambia wateja. "Naweza kumdanganya mama yangu?"

Friji kama hiyo ziliuzika hadi stoo ikabaki tupu.

Kila Jumapili nilikuwa nasoma kipimo na kumsifu. "Mama, wewe bingwa!"

"Nisije nikakuaibisha, mwanangu," anajibu, huku akicheka.

Mwezi wa nne tangu aipate, akaanza kukonda. Kiu haiishi, nguvu hana.

"Mama, dawa unajichoma?"

"Sikosi hata siku moja."

Alisema kweli.

Jumatano akazimia. Hospitalini daktari akaipima kwa macho ile dawa tuliyokuja nayo, akatikisa kichwa. Imeharibika kwa joto, akasema. Ni sawa na kujichoma maji.

"Haiwezekani, daktari! Friji ni mpya, nimemchagulia mimi!"

Ijumaa mama akafariki.

Nilipoingia nyumbani kwake, nikafungua friji. Ndani kulikuwa na joto kama kabatini. Swichi ilikuwa imezimwa.

Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akishinda naye, alikuwa kanifuata ndani, akaanza kulia.

"Alikuwa anaiwasha Jumamosi, ili ukija uikute baridi. Ukiondoka, anaizima."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mwanzo alikuwa anabana umeme tu, kama ulivyomwambia. Halafu ukambandika dukani na ile namba. Nikamuuliza, shoga, na dawa je? Akaniambia, namba ikipanda, wateja watamwita mwanangu mwongo."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nililia kama mtoto.

Kesho yake nilikwenda dukani kubandua ile picha. Gundi iligoma, picha ikatoka na kipande cha ukuta.

Bado nauza friji. Bado nawaambia watu wachague inayokula umeme kidogo. Ila namba ikiwa nzuri kupita kiasi, siku hizi nauliza.

Na wewe unayesoma, mzazi wako ukimwendea siku ile ile kila wiki, unaona anachotaka ukione. Mwendee na siku asiyokutegemea.

Mimi nilikuwa na Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sikwenda hata moja.