Betri ya Mashine ya Sabuni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu huniuliza kulikoni. Nilikuwa fundi mpya katika kiwanda cha sabuni kule Changamwe, binti wa Frere Town mwenye cheti kibichi na ujuaji mwingi. Mashine ya kukata sabuni iliongozwa na kisanduku kikuukuu cha umeme kilichohifadhi programu ya kazi yake, namba yake imefutika kwa mafuta. Mimi vikuukuu nilividharau. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku hiyo taa ya kuonya kuwa betri yake imechoka ikawaka. Nikazima umeme, kama nilivyofunzwa chuoni, nikang'oa betri ili nitie mpya. Kumbe umeme ukizimwa, betri ile ndiyo iliyokitunzia kisanduku kumbukumbu zake! Nilipokiwasha, kilikuwa kimesahau kazi yote. Wenye kiwanda walikwisha kusema mashine ile ikikwama tena itauzwa chuma chakavu, na akina mama tisa waliofunga sabuni waende zao nyumbani.

Fundi mkuu, Mzee Kazungu, akaja polepole.

"Shikamoo, baba. Nimeiua."

"Marahaba. Jina hujamuuliza, ushamng'oa moyo? Mkongwe kama huyu hubadilishwa betri umeme ukiwaka, binti yangu."

Kisha akacheka, akatoa daftari kabatini. Miaka ya nyuma alikuwa ameinakili programu yote kwa mkono, mstari kwa mstari, na namba ya kisanduku juu yake. Akina mama wakapokezana kunisomea, nami naandika kwenye kompyuta iliyounganishwa na kisanduku. Mama Sidi alisoma kwa sauti yake ya kwaya, na nikikosea hanisamehe: "Wee, rudi nyuma, umeruka!" Alasiri tukawasha. Sabuni ya kwanza ikakatika sawasawa, vigelegele vikapaa, nami nikalia kwa furaha bila haya.

Basi mwanangu, unayekwenda kuanza kazi ya ufundi, mashine kuukuu usiiendee kwa ujuaji. Soma kwanza jina na namba yake; vikiwa vimefutika, waulize walioizoea, maana kuuliza si ujinga. Programu yake inakili kabla hujagusa hata skurubu, na nakala iweke mahali mwenzako ataiona. Wakileta mpya, jifunze, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kila mashine ina watu wanaolisha watoto kwayo. Nenda, Mungu akujalie mkono mtulivu na sikio sikivu, na jasho lako liwashibishe wengi. Amina.