Pongo Aliyekuja Bustanini

Nilipangiwa kufundisha kijijini Litumbandyosi, huku kusini, nikitokea Kondoa. Kwa kuwa nimekulia kwenye ukame, niliwacheka walioniambia kiangazi cha huku kingenitesa. Mwaka ule kilinitesa kweli. Kisima cha shule kilibaki tope, na bustani yangu ya nyuma ya nyumba, matuta ya mchicha na migomba michache, niliitunza kwa maji niliyooshea vyombo. Niliyaacha kwenye beseni hadi jua lipungue, ndipo nimwagilie.

Jumamosi moja mchana nilitoka kuanua kanga. Kulikuwa kimya. Si ule ukimya wa watu kupumzika. Hata kuku wa jirani hawakusikika. Katikati ya matuta alisimama pongo jike, yule swala wa vichakani, mbavu nje, miguu ya mbele imegusa beseni. Hakukimbia. Alinitazama.

"Kunywa basi," nikamwambia, kama ambavyo ningesema na mbuzi wa nyumbani.

Hakuinama. Midomo ilikuwa imemkauka, maji yako chini ya pua yake, na hanywi. Nilisogea, hakushtuka. Hapo ndipo niliona macho yale hayanitazami mimi. Yalinipita.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayelima mahindi na kahawa kidogo, alitokea kwenye uzio wa matete. Nilifungua kinywa nimwamkie shikamoo, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani, "njoo kwangu. Polepole. Usigeuke nyuma."

Nilikwenda. Kanga nilizokwisha kuanua zilinianguka, sikuziokota. Nilipomfikia akanikamata mkono kwa nguvu, ndipo nikageuka. Chini ya kamba ya nguo, kwenye kivuli cha ukuta, alilala chatu. Nilikuwa nimempita wakati natoka, labda nilimruka. Kichwa chake kilielekea kwa pongo. Wale wawili hawakutikisika, na sisi hatukutikisika.

Kisha yule mama alinivuta hadi kwake, akamwita mumewe. Mzee huyo alipofika na wanaume wenye mapanga, pongo alishaondoka. Chatu naye hakuwepo. Vumbini palibaki mburuzo mpana, laini, ulionyooka hadi kwenye tundu chini ya msingi wa chumba nilicholala.

Mzee alizunguka nyumba yote akiwa ameinama.

"Ameingia," akasema. "Alama ya kutoka sijaiona."

Walifukiza moshi wa pilipili hadi sote tukakohoa. Hakikutoka kitu.

Jioni yule mama alinipa ugali na dagaa, nikaisogeza sahani kando.

"Kula, mwanangu. Yule chatu hakuwa na shida na wewe," akasema. "Angekuwa nayo, usingefika kwangu."

Alisema hivyo kunifariji, lakini chumbani kwangu sikurudi. Nililala chumba kimoja na binti zake hadi mvua zilipoanza, kisha nikapewa nyumba nyingine, karibu na barabara.