Mwanangu hanijui

Jamani, leo nusura nipelekwe polisi kwa kumbeba mwanangu mwenyewe.

Pale stendi ya Mbinga mke wangu kaenda chooni, kaniachia Neema, ana miezi kumi. Mtoto kaangua kilio, anajirusha nyuma kama kashikwa na mtu baki.

Mama muuza ndizi akauliza, "Baba, huyo mtoto wako kweli?"

Wangu, nikasema.

Bodaboda mmoja akadakia, "Mbona hakutaki?"

Basi, wakajaa. Mmoja kanishuku, wote wakanishuku, wengine wanataka nipelekwe polisi.

"Haya, mfunge mgongoni tuone!" Yule mama akanipa kitenge. Nikakigeuza huku na huku, sijui hata pa kuanzia.

Mke wangu akatokea. Neema akamrukia, kimya papo hapo.

"Huyu ndiye baba yake," akawaambia. Wakacheka. Nikacheka nao.

Ila ukweli ni huu: simbebi. Mwaka jana kwenye mashine ya kumenya kahawa jamaa mmoja alikuja na mwanawe mgongoni, Baba Yustina, tukambatiza "Mama Yustina". Mimi ndiye nilicheka kuliko wote. Tangu hapo naogopa zamu yangu ya kuchekwa.

Sasa tuko nyumbani. Nimemnyooshea mikono, kageuza uso.

Wenye watoto, niambieni bila kunificha: nimeshachelewa?