Video ya mazishi ilikausha mahindi yangu

Wakuu, hamjambo. Mimi ni nyanya wa Tongaren, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea mtanisamehe. Nitasema vile mambo yalienda, sina haja ya kuongeza.

Mzee wangu Barasa tulimzika mwezi wa sita. Binti yetu Nekesa anafanya kazi ya nyumba huko Doha, na hakupewa ruhusa ya kuja.

Nikatafuta mtu wa video kutoka Kitale, anaitwa Wekesa. Nikamwambia achukue kila kitu, Nekesa aone kama alikuwa hapa.

Alichukua kweli. Aliyebeba picha ya mzee ni mjukuu wetu Nafula, wa msalaba ni ndugu yake Khaemba, aliyeanguka akilia ni Robai, dada ya mzee. Wote wako.

Nekesa alipotumiwa video nilijua atapiga simu akimlilia babake. Yeye akauliza shamba.

"Mayi, kwani mahindi imekauka?"

Nikamwambia iko sawa.

"Usinifiche. Nimeiona nyuma ya jeneza, imekuwa rangi ya jivu. Hata wewe uso umeisha. Mnakula nini huko?"

Ati anavunja kandarasi arudi. Na alikuwa amebakisha miezi saba tu. Niliapa, hakuniamini. Mama siku zote husema iko sawa.

Nikaenda Kitale, kwa studio ya Wekesa. "Mahindi yangu uliifanyia nini?"

Akacheka, akaniita nyanya kwa kikwetu. "Kukhu, hiyo ni color grading. Nilitoa kijani, nikaongeza bluu kidogo. Mazishi ikiwa na rangi mingi inakaa kama harusi, watu hawasikii huzuni."

"Huzuni tulikuwa nayo ya kutosha. Nani alikutuma utuongezee?"

Akafungua ile ya kwanza, kabla hajaigusa.



Wakuu, mahindi kijani hadi macho inauma. Udongo mwekundu, leso ya Robai ya manjano, na jeneza hapo katikati. Siku nzuri hivyo, na mwenye shamba ndiye amelala. Hii ilinichoma kuliko ile ya jivu.

Sisemi Wekesa hajui kazi. Ile yake, hata mgeni akiiona ananyamaza. Lakini Nekesa si mgeni.

Nikasema amtumie hii vile iko.

Nekesa akapiga. Akauliza: "Hii ni ile mahindi baba alipanda akiwa mgonjwa?"

"Ndiyo. Mimi nilimshikia mbegu."

Hapo ndipo alilia, mara ya kwanza tangu babake aende. Alilia sana, nikamngoja.

Mwishowe akasema, "Sawa mayi. Ikikomaa vuneni. Wacha nimalize hii miezi."

Nyinyi wa video, kabla hamjatoa rangi ya boma ya mtu, muulize kwanza nani ataangalia. Aliye mbali haangalii jeneza peke yake.

Na wale waliozikiwa mtu wakiwa mbali, kwa video yenu macho ilienda wapi kwanza? Andikeni, nasoma zote, hata kama ni polepole.