Tumbo Walilipunguza, Njaa Waliiacha

Assalamu alaikum, na habari za asubuhi ndugu zangu. Mtaniwia radhi nizungumze nimekaa. Naitwa Rehema, natoka Lukozi. Muuguzi wetu hapa kliniki ameniomba niwaeleze habari za upasuaji wangu wa kupunguza tumbo, kwa sababu wapo kati yenu wanaoufikiria. Nilimjibu kwamba mimi sina moyo wa kumgawia mtu, nimechoka. Akasema, "Basi waeleze hivyo hivyo ulivyochoka." Haya.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Tangu usichana nilimfuata marehemu mama yangu kwenye harusi na maulidi, nikichagua mchele na kumenya vitunguu. Alipofariki nikarithi masufuria yake na majina ya watu waliokuwa wakimwita. Nimepika Lukozi, nimepika Mtae, nimepika hapa Lushoto mjini. Na kazi ya mpishi ni kuonja. Unaonja chumvi, unaonja nyama kama imeiva, unaonja ukoko kwa sababu ukoko ni mtamu. Wageni wakishakula, wapishi tunakaa jikoni na sinia letu. Nikirudi nyumbani nakula tena na mume wangu Athumani, maana hapendi kula peke yake. Sikujiona mlafi. Nilijiona mtu wa kazi.

Nilipofika miaka arobaini na moja nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nane. Sukari ilishapanda, presha ilishapanda, magoti yalikuwa yananguruma kama mawe ya kusagia. Chini ya matiti na chini ya tumbo ngozi ilichubuka ikatoa maji yenye harufu, nikawa napaka poda na kujifunga kitambaa ndani. Vijana wa bodaboda wa pale kwetu ni watoto wangu, wananisalimia shikamoo vizuri kabisa, lakini nikitaka kupandishwa mlimani mmoja anakumbuka tairi halina upepo, mwingine anakumbuka abiria anayemsubiri. Nilijua. Nikawa napanda kwa miguu, nakaa kila baada ya hatua ishirini, najifanya naangalia mashamba ya kabichi.

Siku iliyonivunja ni ya harusi moja Mtae. Mchana, sufuria zikiwa motoni, niliingia chooni. Choo cha kuchuchumaa, kama vyetu vyote. Nilichuchumaa, na sikuweza kuinuka. Goti la kulia lilikataa kabisa. Nilishika ukuta, udongo ukabaki mkononi. Nilikaa mle mpaka miguu ikafa ganzi, naona aibu kuita. Mwisho nikamwita wifi yangu Zaina, dada wa Athumani, ambaye ndiye msaidizi wangu jikoni. Alijaribu peke yake akashindwa. Akaita wanawake wengine wawili. Walinivuta nikiwa nguo juu, na nje nikasikia bibi harusi anauliza, "Mpishi amefanyaje?" Pilau ya siku ile iliungua chini. Haijawahi kunitokea.

Mdogo wangu Hamisi, anayefanya kazi Tanga, ndiye aliyelileta wazo la upasuaji, akachangisha pesa kwa ndugu zangu wote. Nikapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari bingwa alikuwa mama mmoja mpole, mdogo kwangu kwa umri. Alinichorea kwenye karatasi mfuko wa chakula, akapiga mstari, akaniambia sehemu kubwa itaondoka na kitakachobaki kitakuwa mfano wa ndizi mbivu. Kisha akasema, "Mama Rehema, mimi nakupunguzia tumbo tu. Uzito utaupunguza mwenyewe, kila siku, maisha yako yote. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Walinitoboa matundu matano madogo. Nilipozinduka, kidonda hakikuniuma kama bega. Walisema ni hewa waliyonijaza tumboni. Nilipewa maji kwa kikombe kidogo cha dawa. Funda moja, unasubiri. Funda la pili, unasubiri. Mimi niliyekuwa nakunywa bilauri ya chai kwa mikupuo mitatu, kikombe kile kilinimaliza saa nzima. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani na maelekezo: wiki nne vitu vya majimaji tu, kisha vilivyopondwa, kisha polepole vigumu. Vidonge vya vitamini kila siku, bila kukosa. Kliniki kila baada ya miezi mitatu.

Wiki ya tatu mama mkwe wangu alikuja kunitazama. Alitoka kwake na ugali wa moto na maharage ya nazi, amevibeba mwenyewe kilima chote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa ule. Mtu hakai kwa maji ya mchele kama mtoto aliyeharisha."

"Mama, madaktari wamekataza."

"Madaktari wamekukata. Kupona utaponywa na chakula."

Athumani alikuwa mlangoni, hakumzuia mama yake. Na mimi sikuwahi kumkatalia mama yule tonge tangu niolewe. Nikala matonge matatu. La tatu lilipofika kifuani likasimama. Nilihisi kama nimemeza jiwe lenye pembe. Mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka, nikatapika mpaka povu, na maumivu hayakuondoka. Nilishushwa hospitali hapa Lushoto ndani ya gari la mboga, katikati ya matenga ya karoti. Waliogopa kwamba mshono wa ndani umefumuka. Kwa rehema za Mungu haukuwa umefumuka. Nililazwa siku nne kwa dripu. Mganga aliyenipokea aliniuliza, "Walikuambia majimaji mpaka lini?" Nikasema wiki nne. "Na leo ni wiki ya ngapi?" Nikasema ya tatu. Akaandika. Mama mkwe alikaa nje ya wodi siku zote nne, amejifunika kanga, hataki kula.

Baada ya hapo uzito ukaanza kushuka kama maji ya mlimani. Mwezi kilo kumi, mwezi kilo nane. Sukari ikashuka, nikaachishwa sindano za sukari. Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kidogo. Lakini nywele zilinitoka zikajaa kwenye kitana, ngozi ya mikono ikaning'inia kama kitambaa kilicholowa, mashavu yakaanguka. Nikapita sokoni nikasikia mwanamke ninayemfahamu anamnong'oneza mwenzake, "Maskini, mpishi kakanyaga waya." Nyote mnajua maana yake, kwamba nina virusi. Athumani aliulizwa msikitini kama yeye mwenyewe amepima.

Na kazi ikaharibika. Mpishi asiyekula chakula chake, watu wanamtilia shaka. Nilikuwa naonja kwa ncha ya ulimi na kutema, nao wanaona. Harusi moja pale pale Lukozi, bibi wa bwana harusi alinijia jikoni na sahani. "Anza wewe," akasema. "Tukuone." Ningemweleza. Hata leo najiuliza kwa nini sikumweleza. Nilikula vijiko vitano vya pilau mbele yake, haraka haraka kwa hasira. Wali una hila, unavimba ndani. Nikatoka nikatapika nyuma ya nyumba, watoto wakaniona, habari ikawafikia wageni kabla ya chakula. Sahani nyingi zilirudi zimejaa. Toka siku ile sikuitwa tena. Masufuria ya mama yangu nikayafunika.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hili hawakuniambia kwa namna ya kuniingia. Tumbo walilipunguza, njaa waliiacha. Namaanisha ile njaa isiyokaa tumboni. Nilikuwa nyumbani, sina kazi, sina wa kuzungumza naye mchana. Nikagundua kwamba tumbo langu dogo linaukataa ugali, linaikataa nyama, lakini biskuti iliyochovywa kwenye chai ya maziwa inapita bila kelele. Karanga zinapita. Juisi ya maplamu yenye sukari inapita. Basi nikawa nakula kidogo kidogo kutwa nzima. Mezani nakula vijiko sita, kila mtu anasema, "Rehema masikini hali kitu." Wakitawanyika, nachovya. Wakati mwingine sukari ilinipandisha moyo mbio, jasho, tumbo likakatika, nikakimbilia chooni. Kesho yake nachovya tena.

Nilikuwa nimeshuka mpaka kilo themanini na nne. Nilijiwekea lengo la sabini, kwa sababu sabini ndizo nilizoolewa nazo. Mizani ikasimama, kisha ikaanza kurudi. Themanini na saba. Tisini na moja. Nikaacha kwenda kliniki. Vidonge navyo nikaviacha, nikajiambia vinanichafua tumbo. Miezi saba hivyo.

Miguu ikaanza kuwaka moto nyayoni, kisha ganzi. Ulimi ukawa laini na mwekundu, unauma. Nikawa nasahau majina. Asubuhi moja nikichuma maharage shambani, ardhi ikazunguka nikaanguka juu ya miti ya kuegeshea mimea, nikapasua nyusi. Binti yangu Mwanaisha, mwalimu wa shule ya msingi, akaja kuniuguza. Akatafuta sufuria ya kuchemshia maji. Akafunua ile kubwa ya pilau. Ndani alikuta makaratasi ya biskuti, yamejaa nusu sufuria. Nilikuwa nayaficha humo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiifungua.

Hakupiga kelele. Alikaa chini akayatoa, moja moja, akiyanyoosha kwa kidole. Akasema, "Mama, kumbe ulikuwa peke yako kiasi hiki?"

Nililia, ndugu zangu. Sikulia nilipopasuliwa, wala nilipovutwa chooni kule Mtae. Siku ile nililia.

Akanileta hapa. Mizani ikasema tisini na saba. Damu ilikuwa imepungua sana, na vitamini moja ya mishipa ya fahamu haikuwapo kabisa, nikaanza sindano. Mtaalamu wa lishe, dada mmoja kijana, nilimngoja anigombeze. Akaniuliza, "Mama, ukiwa na njaa unakula nini?" Nikamjibu. "Na ukiwa umechoka?" Hapo nikataja biskuti. Akasema tuanzie hapo. Lengo la sabini akalifuta kwenye daftari langu mbele ya macho yangu. "Ulipoolewa ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Lengo lako sasa ni damu, sukari, na miguu ikubebe. Kilo zitakaa zitakapokaa."

Tangu siku ile ni mwaka na miezi minne. Naishi hivi. Natumia kijiko cha chai na kibakuli kidogo. Naanza na maharage au samaki au kuku, kisha mboga, ugali unakuja mwisho, kiasi cha kiganja cha mtoto. Natafuna mpaka inakuwa uji. Sinywi maji nikila, nasubiri nusu saa. Chai ya sukari nimeiacha, na kila wiki naiota. Ramadhani sifungi, tumbo langu haliwezi kukaa bila maji. Nalisha maskini, na shehe wetu aliniambia nisione haya. Bado naona haya. Vidonge na sindano, mpaka kufa. Inachosha. Hakuna siku naamka nimesahau. Mtu mwenye tumbo zima hajui ni kazi kiasi gani kuufikiria mdomo wako kila saa.

Athumani naye ilimchosha. Siku moja aliweka tonge chini akasema, "Tangu upasuliwe, mimi nikimaliza wewe ndiyo kwanza unaanza. Najiona kama nakula msibani." Nikamwambia, "Na mimi nikikuona unaharakisha uondoke, najiona kama mzigo." Ilikuwa mara ya kwanza tunasema. Tangu hapo akimaliza anabaki. Ananiletea habari za shambani, bei za viazi, nani amegombana na nani, mpaka nifike kijiko cha mwisho. Mama yake naye hujifunga kibwebwe akanipondea samaki, anauliza, "Hivi amelainika?"

Na kazi imerudi, kidogo. Nikifika kwenye shughuli nawaambia wenyeji kabla hata moto haujawashwa: mimi nimepasuliwa tumbo, pilau sili, anayeonja ni wifi yangu Zaina. Wengine wanashangaa. Wengine wananivuta pembeni kuniuliza kuhusu mama zao. Hakuna aliyenifukuza.

Leo asubuhi nimepima kilo themanini na tisa. Mwezi uliopita zilikuwa themanini na nane. Sikufurahi, lakini nimekuja.

Kwa hiyo mnaofikiria upasuaji, sitawazuia wala kuwasukuma. Umeniokoa, namshukuru Mungu na mikono ya yule mama daktari, na wa nyumbani kwangu wote. Ila usiende peke yako. Atakayekupikia na aende nawe, amsikie daktari kwa masikio yake. Kliniki usikwepe, hasa ule mwezi unaoona aibu kupanda mizani. Na ukianza kujificha na chakula, mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata kama ni biskuti moja. Dada mmoja aliniuliza, kama ningerudishwa nyuma ningekubali tena kupasuliwa? Nilimwambia ningekubali. Ila mara hii ningelia mapema, mahali pa wazi, watu wanisikie.

Sasa ni saa nne na nusu, na saa yangu ya kula imefika. Nina yai langu moja la kuchemsha hapa. Zamani ningetoka nje. Leo nitalila mbele yenu, mtanivumilia, maana nachelewa kumaliza. Mwenye swali aulize huku natafuna.